Mchanga Ndani ya Masizi

Mwaka wangu wa mwisho katika chuo kikuu cha Lubumbashi niliupitisha nikitengeneza masizi. Nyumbani hawakunielewa. Mama yangu, ambaye kila jioni alisugua masufuria kwa majivu ili masizi yatoke, aliniuliza kama kweli nilisoma miaka yote ile ili niyatafute. Nikamwambia kwamba masizi yetu ni ya nyota.

"Basi muyaache kule ku nyota," akasema. "Hapa kwangu iko mingi."

Tulikuwa wanafunzi wawili katika kazi hiyo. Mwenzangu alikuwa mwanamke kama mimi, aliyenizidi umri kidogo, mwenye mume, na nilimwita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu. Mwalimu wetu tulimwita Prof. Nje, kwenye uwanja wa bendera, watu wote walikuwa sitwayen na sitwayene, yaani raia, kama redio ilivyotaka, na kila asubuhi tuliimba na kupiga makofi pamoja nao. Ndani ya labo, yaani maabara yetu, Prof alibaki Prof, na Yaya alibaki Yaya hata kinywani mwa Prof mwenyewe, ingawa kwa umri angeweza kumzaa.

Prof alikuwa na jambo moja alilolipenda kuliko mengine yote: vumbi la nebula za kisayari. Jina hilo, alitueleza siku ya kwanza, ni kosa la zamani. Watu waliozitazama kwa darubini ndogo waliona viduara vilivyofanana na sayari, jina likabaki. Kumbe ni mabaki ya nyota iliyozeeka. Nyota ya ukubwa wa jua letu, inapomaliza chakula chake, inasukuma nje ganda lake pole pole. Ganda linatawanyika, na kile kiini cha moto kilichobaki katikati kinaliangaza. Humo ndani mna haidrojeni na heliamu, na pia oksijeni, naitrojeni na kaboni. Na gesi hiyo inapopoa mbali na moto, sehemu yake inaganda na kuwa vumbi.

Kutoka dirishani mwa labo tuliona kwa mbali ncha ya bomba la moshi la furno, yaani tanuri la kiwanda cha shaba, na Prof alipenda kulinyooshea kidole.

"Bantu banaangalia moto," alisema. "Moto iko nadanganya. Kama unataka kuyua furno ilipika nini, uangalie vumbi yake."

Halafu akatueleza ndoa. Hivyo ndivyo alivyoiita. Katika ile gesi ya nyota, kila kaboni inashikana na oksijeni moja, na hazitengani tena. Ikiwa kaboni ni nyingi, zinabaki kaboni zisizo na mwenzi, na hizo ndizo zinazofanya masizi. Ikiwa oksijeni ni nyingi, zile zilizobaki zinakwenda kwa silikoni na chuma, zinafanya mchanga. Kwa hiyo nyota moja hutoa masizi, nyingine hutoa mchanga, na ukitambua vumbi umejua nyota ilipika nini maisha yake yote.

Yaya alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeandika:

"Maana yake, Prof, baselibatere njo banaleta vumbi mu dunia?"

Prof aliwacheka hao makapera hadi akavua miwani. Tangu siku hiyo nadhani alimpenda Yaya kama binti yake, na mimi nilipendwa kwa kuwa karibu naye.

Vumbi la nyota halishikwi kwa mkono. Linatambulikana kwa mwanga wa joto, ule ulio chini ya mwekundu, ambao jicho halioni lakini ngozi inausikia. Kila aina ya vumbi ina mahali pake katika mwanga huo. Mchanga una mahali pake, masizi yana mahali pake. Wenye darubini kubwa huko ng'ambo walikuwa wanachapisha michoro ya nebula zao, na kazi yetu ilikuwa kutengeneza masizi hapa duniani, kuyapitisha mbele ya mwanga huo, na kulinganisha.

Kazi ilikwenda hivi. Chini ya kengele ya kioo tuliweka vijiti viwili vya kaboni safi, jamaa wa kile kijiti cheusi kilicho ndani ya betri ya redio. Tulitoa hewa kwa pampu, tukaingiza gesi kidogo isiyowaka, tukapitisha umeme. Vijiti viliwaka kwa mwanga usiotazamika, na moshi mweusi ukajaa kengele, ukalala kwenye kioo. Tuliukwangua kwa brashi laini. Kisha tulichukua chembe kidogo mno ya masizi hayo, tukaichanganya na chumvi nyeupe ya bromidi iliyokaushwa katika jiko la labo, tukavisaga pamoja katika kinu kidogo cha akiki. Unga huo tuliukandamiza kwa presi mpaka ukawa pastiye, yaani kidonge bapa kinachopitisha mwanga, chembamba kama sarafu. Mashine ilimulika kidonge, na kalamu yake ikachora kwenye karatasi: mahali vumbi lilipokula mwanga, kalamu ilishuka ikafanya bonde.

Karatasi ya mashine ilikuwa shida kuipata. Ilitoka Ulaya, ilikuja ilipotaka kuja. Kwa hiyo Prof alitukataza kuchora safu nzima ya mwanga. Tulichora kipande kimoja tu, kile ambamo mchanga na jamaa zake wanajulikana kuwa na mabonde yao, ili tuhakikishe kwamba masizi yetu hayana kitu hapo. Yalitakiwa yasiwe na kitu. Huo ulikuwa ndio ukaguzi wetu.

Yaya alikaa mtaa wa Kampemba kwa mama mkwe wake. Mumewe alikuwa fundi wa umeme katika mji wa Kolwezi, nyumba ya kampuni ilikuwa imeshapatikana, na ilikubaliwa kwamba baada ya kutetea memware yake mwezi wa saba atamfuata. Memware ndiyo tuliita tasnifu ya kumaliza masomo. Yaya alikuwa amechelewa. Mara mbili alikuwa ameshika mimba, mara mbili akaitangaza kwa furaha kitivo kizima, tukamletea nguo za mtoto, na mara zote mbili tulirudi kwake kumpa pole. Kila mara mwaka wa masomo ulipotea pamoja na mtoto. Asipotetea mwaka huo, na akienda Kolwezi, hakuna aliyeamini angerudi. Yeye mwenyewe hakuamini. Aliniambia siku moja tukingoja basi:

"Mudogo, miye nimeshachoka na kuanza. Mwaka huu nataka kumaliza kintu. Kimoja tu."

Siku bonde lilipotokea, mimi ndiye niliyekaa mbele ya mashine. Kalamu ilikuwa inakwenda sawa kama kawaida, kisha ikaanza kushuka mahali ambapo haikupaswa kushuka. Ikafika chini, ikapanda tena. Nikamwita Prof. Alikuja mdomo ukiwa bado na kipande cha mkate.

"Hii pastiye ya nani?"

"Ya Yaya."

"Ya jana pia ilikuwa yake?"

"Ya jana ilikuwa yangu. Haikuwa na kitu."

Aliinamia karatasi. Alama ile ilikuwa ya mchanga. Mchanga ndani ya masizi yaliyotoka kwenye kaboni safi, ambamo hakuna silikoni hata kidogo. Tukarudia. Kidonge cha Yaya kilikuwa na bonde. Changu kilikuwa kimenyooka kama barabara ya Luano iendayo uwanja wa ndege. Tukarudia wiki hiyo na iliyofuata, na kila mara ilikuwa hivyo: yeye bonde, mimi hapana.

Prof alianza kutembea ndani ya labo. Aliwaza kwa sauti. Kama masizi yenyewe, yakitengenezwa kwa namna fulani, yanaweza kuonyesha alama ya mchanga, basi wale wanaosema kwamba nyota fulani inatoa mchanga huenda wanatazama masizi. Huenda nebula nyingi zimehesabiwa upande usio wao. Aliandika barua kwa mwenzake wa zamani Ubelgiji, akaipeleka posta yeye mwenyewe. Kwa Yaya alisema memware yake itasomwa hata nje ya Zaire, na kwamba kitivo kitamtafutia kazi popote mumewe atakapokuwa.

Sikuwahi kumwona Yaya akiwa na furaha ya namna ile. Hakuruka wala hakuimba. Alianza tu kufika mapema kabla ya bendera, na kufuta meza kwa kitambaa chenye maji kwa sababu vumbi la kiangazi liliingia hata chini ya mlango.

Mimi nilibaki na mikono mibaya. Prof alidhani siri iko katika kusaga: Yaya alisaga pole pole, kwa muda mrefu, na labda kusaga huko ndiko kulikobadilisha masizi. Akaniagiza nijifunze kwake. Yaya alifurahi kunifundisha kupita kiasi.

"Weye unasaga sawa muntu iko nafukuza bus," alisema. "Angalia mukono yangu. Polepole. Masizi hayina sombe."

Sikuyatwanga tena kama kisamvu; nilisaga kama yeye mpaka bega likauma. Kidonge changu kilitoka kimenyooka. Yaya alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama kwa huruma.

"Bwana yako atakula mbaya," akasema.

Kwa kuwa nilishindwa kuiga mkono wake, niliamua kuangalia kila kitu alichofanya, tangu anavaa koti jeupe mpaka analivua. Sikutafuta kosa, nilitafuta ufundi. Na kitu cha kwanza nilichokipata hakikuonekana kwa macho. Kilikuwa harufu. Katikati ya mwezi wa sita, wakati Lubumbashi haijaona tone la mvua tangu zamani, wakati asubuhi ni za baridi na majani yamejaa vumbi jekundu, nilisikia ndani ya labo harufu ya mvua ya kwanza inapopiga ardhi kavu. Nilikwenda dirishani. Anga lilikuwa safi kabisa.

Ilirudi siku iliyofuata, na wakati ule ule: kidonge kilipokuwa ndani ya presi. Presi ilihitaji kuachwa imebana kwa muda, na wakati huo hakuna cha kufanya. Mimi nilikuwa nikiandika. Yaya aligeukia dirisha, akanipa mgongo. Nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavunja kipande cha chaki kwa meno.

Alipogeuka, alijifuta vidole kwenye koti. Koti lilikuwa jeupe. Vidole vilikuwa na weupe kidogo kwenye ncha. Akafungua chupa yake ya chumvi ya bromidi, maana kila mmoja wetu alikuwa na yake, nyeupe nayo, akachota kwa kijiko, na kilichomwagika akakirudisha kwa kidole.

Ilikuwa pemba. Hakuna mtu wa Lubumbashi asiyeijua: udongo mweupe unaouzwa sokoni, umefinyangwa kama yai la bata, na wanawake wenye mimba wanaumega na kuutafuna kwa sababu unatuliza tumbo na kwa sababu hawawezi kuuacha. Unanukia mvua. Yaya alikuwa na yai lake katika fundo la kitenge, chini ya koti.

Nakumbuka vizuri kwamba sikuwaza kazi kwanza. Niliwaza: ameshika tena, na safari hii amenyamaza. Niligeuza uso ili asinione nikitabasamu. Ni baadaye, ndani ya basi, ndipo wazo la pili lilinijia. Udongo ni jamaa wa mchanga. Silikoni ambayo Prof hakujua imetoka wapi ilikuwa inatoka kwenye fundo la kitenge.

Sasa nifanye nini? Kwetu sisi watu wa Maniema, na kwa Yaya, ambaye wazee wake walikuja kutoka kaskazini mwa Katanga kufuata kazi ya reli, jambo hili ni moja: mimba changa haitajwi. Haiulizwi. Mwenyewe hujitangaza siku tumbo litakapoamua. Na huyu alikuwa ameshatangaza mara mbili. Kumwambia "pemba yako imeingia kwenye kinu" kulikuwa ni kumwambia "najua". Kumwambia Prof ilikuwa mbaya zaidi. Na kunyamaza kulikuwa kumwacha asimame mbele ya majaji mwezi wa saba na bonde ambalo mtu yeyote mwenye mikono safi angelifuta, memware ikaanguka na mwaka wa tatu ukapotea.

Jumapili nikaenda soko la Kampemba. Muuza pemba alinipima kwa macho kutoka miguuni hadi kichwani.

"Iko ya kwanza?"

"Hapana, mama. Ni ya labo."

"Labo njo jina ya bwana?"

Wanawake wa jirani walicheka. Mmoja akaniambia huyo Labo nimwambie aje amsalimie baba yangu kwanza. Nililipa, nikaondoka na yai langu limefungwa kwa gazeti.

Jumatatu nililiweka juu ya meza, kando ya kinu, waziwazi. Nilimega kipande nikakitafuna. Sikukipenda; kilishika ulimi kama ukuta. Yaya aliingia, akaliona, akasimama. Uso wake ulibadilika mara nyingi kwa muda mfupi. Akafunga mlango, akanijia, akanishika mabega.

"Weye pia?" alinong'ona. "Mudogo. Nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Niliposhindwa kujibu, alidhani ni aibu, akaanza kunituliza: kwamba mtoto ni mtoto, kwamba baba yangu atakasirika wiki moja tu, kwamba yeye mwenyewe atakuja kusema naye. Nikamkatiza.

"Hapana, Yaya. Niliinunua ya kupima."

"Ya kupima nini?"

"Ya kupima tu. Mu mashine."

Aliachia mabega yangu. Akatazama yai, akatazama kinu, kisha vidole vyake. Yaya alikuwa na akili ya haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na sikuhitaji kuongeza neno. Alikwenda kwenye bomba la maji, akanawa mikono hadi kwenye viwiko, taratibu, kama daktari. Akanirudia.

"Lete," akasema.

Alikwangua pemba kidogo kutoka kwenye yai langu, akaisaga na chumvi mpya ya chupa isiyofunguliwa. Safari hii hakuchora kile kipande tu. Alichora safu nzima ya mwanga, bila kujali karatasi. Bonde lilikuja mahali pake, refu, na kalamu ilipofika ule upande tusiouchora siku zote ikafanya meno mawili madogo yaliyochongoka. Hayo ni ya maji yaliyofungwa ndani ya udongo. Vumbi linalozaliwa karibu na nyota inayochoma halina meno hayo. Kisha akatoa kwenye boksi kidonge chake bora, kile ambacho nakala ya mchoro wake Prof aliipeleka Ubelgiji, akakichora chote. Bonde. Na ule upande mwingine, madogo lakini wazi, meno mawili.

Alikaa chini kwenye kigoda. Nilisema nilichokuwa nimekiandaa:

"Yaya, tunaweza kusema ni vumbi ya inje. Iko naingia chini ya mulango kila siku. Prof ataamini."

"Na yako juu ya nini haina?" akauliza. "Hiyo vumbi inachagua muntu?"

Alikunja karatasi, akazikunjua, akaziweka moja juu ya nyingine dhidi ya dirisha ili mistari ionekane pamoja. Ililingana. Nikaona mkono wake mmoja umeshuka ukalala juu ya fundo la kitenge, bila yeye kujua.

"Mara mbili nilisema, mara mbili ikaenda," akasema, akitazama nje. "Sasa sisemi. Lakini hii nayo siwezi kuifunika."

Prof alikuja saa nne, akipiga mluzi. Yaya aliweka mbele yake michoro miwili, na juu yake, kama jiwe la kuzuia karatasi, lile yai. Alieleza kwa maneno machache sana, akisimama wima. Alisema udongo uliingia katika vidonge vyake. Alionyesha meno mawili. Alisema bonde halikuwa la masizi.

Prof alichukua yai, akalinusa. Alikuwa na watoto wengi na mke mwenye maneno, hakuna jambo la pemba asilolijua. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza maswali yote ambayo profesa anapaswa kuuliza: chumvi ilitoka chupa gani, kinu kilioshwa kwa kitu gani, ni vidonge vipi vilivyosagwa kabla ya mchana na vipi baada yake. Yaya alijibu yote. Halafu Prof akafika kwenye lile swali moja lililobaki, nikaliona likija mdomoni mwake: udongo uliingiaje?

"Hii nani aliinunua?" akauliza badala yake.

"Miye," nikasema. Ilikuwa kweli.

Alinitazama. Akamtazama Yaya, ambaye alikuwa ameshika ukingo wa meza. Akalirudisha yai mahali pake polepole sana.

"Bon," akasema. "Toka leo, mudogo atafanya moto na pampu. Yaya hatagusa tena ile gesi, hatabeba ile chupa. Mutafutie kiti. Kigoda hapana. Kiti yenye mugongo."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilitoka nikakitafuta, nilikipata kwenye ofisi ya karani, ambaye alilalamika hadi niliporudi kwenye korido. Niliporudi, Prof alikuwa dirishani, barua ya pili kwa Ubelgiji tayari imeanza kichwani mwake, maana midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa na huzuni, sitasema hakuwa nayo. Lakini alipozungumza, alizungumza kama kawaida yake.

"Miaka yote natafuta muchanga mu masizi," akasema. "Kumbe iko ku soko ya Kampemba."

Yaya alicheka kwanza, kisha akalia, kisha akaketi kwenye kiti na kuuliza muda uliobaki unatosha kufanya nini.

Ulitosha, kwa shida. Prof alisema kwamba anayetafuta vumbi la nyota akiwa katika mji wenye vumbi lazima kwanza alijue vumbi la mji. Memware ikageuka. Yaya akabaki kwenye kiti, akisaga kwa mikono iliyonawa, na mimi nikawa miguu yake: nilileta vumbi jekundu la uwanjani, majivu ya mbabula, lile jiko la makaa, masizi ya masufuria ya mama yangu, ambaye alinitazama nikiyakwangua, na vumbi la kijivu lililotua kwenye kingo za madirisha upande wa kiwanda. Tulichora yote, safu nzima, na Prof alitoa karatasi bila kunung'unika. Pemba ilipewa ukurasa wake. Mwishoni kulikuwa na masizi safi ya Yaya, yamenyooka mahali mchanga ungekuwa, yakifanana na ya nebula zenye kaboni nyingi kama zilivyochorwa ng'ambo. Hayakuwa na jambo jipya. Yalikuwa ya kuaminika.

Alitetea mwezi wa saba, amevaa kitenge kipana na blauzi iliyolegea. Prof aliomba majaji wamruhusu akae, akasema chumba kina baridi, sababu ambayo haikuwa na maana yoyote na ambayo wote waliikubali. Jaji mmoja mzee aliuliza ule udongo mweupe aliupata katika machimbo gani.

"Ku soko ya Kampemba, sitwayen."

Chumba kilicheka. Yule mzee alimtazama Yaya juu ya miwani yake, akafungua mdomo, akaufunga, akasema hana swali jingine.

Mwezi wa nane Yaya alikwenda Kolwezi. Mimi nilibaki labo nikiwa msaidizi wa Prof. Hakuna barua iliyokuja, na sikuitegemea. Mtu anayengoja haandiki. Prof hakuwahi kumtaja, ila kile kiti hakukirudisha kwa karani.

Mvua zilipoanza, mama mkwe wa Yaya alimtuma mtoto wa jirani kuniita. Yaya alikuwa amerudi Kampemba kujifungulia kwake. Nilimkuta kitandani, amechoka, mwembamba usoni, na ubavuni mwake kitu kilichofungwa kwa kitenge, kinachopumua. Alinionyesha vidole vya mtoto kimoja kimoja, kana kwamba nilikuja kuvikagua. Mama mkwe aliingia na kibakuli cha pemba iliyolowekwa. Alimpaka Yaya kwenye paji la uso na kwenye mikono, kisha akanigeukia, akanishika mkono wa kulia na kuvuta mistari mieupe kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole, kama wanavyofanya kwao kwa kila anayekuja kufurahi.

"Usinawe leo," akaniambia. "Utembee nayo, bantu baone."

Sikunawa. Asubuhi, baada ya bendera, niliingia labo, nikavaa koti, nikanyoosha mkono kuchukua kinu cha akiki. Prof alikuwa anasoma karibu na dirisha. Mikono ya koti langu ilikuwa mifupi kidogo. Aliinua macho, akaona mistari mieupe kwenye kifundo cha mkono.

Aliinuka, akafungua droo yake, akatoa sabuni yake mwenyewe, akaja akafungua bomba la maji. Nikanawa. Maji yalitoka meupe kama maziwa yaliyozimuliwa, na labo ikanukia mvua, ingawa safari hii nje nako ilikuwa inanyesha.

"Mwanamuke ao mwanaume?" akauliza.

"Mwanamuke."

Aliitikia kwa kichwa. Aliacha maji yaendelee mpaka weupe wote ukaisha kwenye sinki, akanikagua vidole upande huu na upande ule, ndipo akanipa kinu.